Dhidi ya "Japani Tupu"

Hapa Kampala kuna kauli moja inayoaminiwa kuliko matangazo yote ya redioni: tairi la mtumba kutoka Japani ni bora kuliko tairi jipya kutoka China. Utaisikia Ndeeba, utaisikia Katwe, utaisikia kwenye stendi ya teksi na hata kwa wahadhiri wanaoegesha magari yao nje ya madarasa yetu. Anayeisema huisema kwa utulivu wa mtu anayejua mambo, na anayeisikia huitikia. Mimi ninaikataa. Siyatetei matairi ya China, wala sina ugomvi na Wajapani. Ninaikataa kwa sababu inatufundisha kuuliza tairi limetoka nchi gani, swali ambalo jibu lake halimwokoi mtu, na inatusahaulisha kuuliza yale ambayo majibu yake yameandikwa kwenye mpira wenyewe.

Mwenzangu mmoja aliposikia nitaandika juu ya matairi alicheka, akauliza insha hiyo inahusu nini Kiswahili. Nitamjibu, lakini kwanza tulimalize tairi.

Tuanze na umri. Matairi mengi ya magari yanayouzwa katika masoko makubwa ya dunia yana herufi DOT ubavuni, na kwa kawaida mfululizo wa alama unaofuata huishia na tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 3511 lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2011. Wakati huo mimi nilikuwa darasa la tatu la shule ya msingi. Likiwa na tarakimu tatu badala ya nne, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, nalo halifai hata kufungiwa bembea ya watoto.

Hizo tarakimu nne hazihitaji mashine, wala kipimo, wala fundi. Zinahitaji mtu ainame. Lakini nimesimama saa nzima kwenye duka moja la matairi nikitazama wanunuzi, na sikumwona hata mmoja aliyeinama kuzisoma. Walibonyeza mpira kwa kidole gumba. Walipitisha kiganja juu ya kashata, yaani ile michoro iliyoinuka inayoshika barabara. Waliuliza, "Ni Japani?" Wakajibiwa, "Japani tupu." Wakatoa pesa.

Sasa tazama jambo la ajabu. Nchi yetu inajua sana kuhesabu umri wa gari. Mwaka 2018 Bunge la Uganda lilirekebisha sheria ya usalama barabarani ili kuzuia kuingizwa kwa magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Jirani zetu wa Kenya ni wakali zaidi: kwao mwisho ni miaka 8. Mjadala ulikuwa mkubwa, wafanyabiashara walilalamika, magazeti yaliandika. Bodi ya gari, ambayo ni chuma na ambayo ikizeeka sana inapata kutu, tumeiwekea umri. Mpira, ambao ndio peke yake unaogusa barabara, na ambao ukizeeka unapasuka gari likiwa katika mwendo, tunaununua kwa kubonyeza na kidole gumba.

Yupo atakayesema tairi haliozi kama embe. Linaoza, ila linaoza kimya. Mpira wa tairi huimarishwa kwa kuupika pamoja na salfa, na ndani yake huchanganywa kemikali na nta za kuukinga. Hewa ya oksijeni na ozoni huula polepole, jua huharakisha kazi hiyo, na mpira unakuwa mgumu na kuanza kupata nyufa ndogo. Nta ya kinga hujitokeza juu ya mpira kila tairi linapozunguka na kujikunja. Ndiyo maana tairi lililokaa tu, kwa mfano spea iliyofungwa chini ya gari miaka kumi, haliwi jipya kwa sababu halijatumika. Kashata zake zitakuwa nzuri kama za dukani, huku kiungo kati ya mpira na nyaya za chuma zilizo ndani kimekwisha nguvu. Muuzaji akilipaka ile dawa nyeusi ya kung'arisha, hata nyufa hazionekani.

Kampuni nyingi za magari zinashauri tairi libadilishwe likifika miaka sita, na watengenezaji wa matairi kama Michelin wanasema lisivuke kumi hata kama linaonekana zima. Hayo si maneno ya watu wanaotaka tu kuuza. Mwaka 2012 huko Hindhead, Uingereza, basi lililowabeba vijana kutoka tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele, likaacha barabara, na watu watatu wakafa. Tairi lile lilikuwa na umri wa miaka 19. Hakuna sheria iliyokuwa imevunjwa, kwa sababu sheria ya huko ilitazama kina cha kashata, haikutazama umri, na kashata zilikuwapo. Mama wa mmoja wa waliokufa, Frances Molloy, aliendesha kampeni kwa miaka. Kuanzia Februari 2021 Uingereza imepiga marufuku matairi yaliyozidi miaka kumi kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi, na kwenye magurudumu ya mabasi madogo yanayofungwa tairi moja moja. Basi dogo la Waingereza ndilo sisi tunaloliita teksi.

Kwa hiyo mtu akiniambia tairi lake ni la Japani, ninamuuliza: la Japani ya mwaka gani?

Swali la pili kauli ile haitaki liulizwe kabisa, na ndilo linalonikera zaidi. Japani ni nchi ya theluji. Katika mikoa yake ya baridi mwenye gari huwa na seti mbili za matairi, moja ya kiangazi na nyingine ya majira ya baridi. Gari likiuzwa katika majira ya baridi, linasafiri likiwa limevaa viatu vya theluji, na hivyo hivyo linashushwa Mombasa au Dar es Salaam na kupanda mpaka kwetu. Tairi la theluji limetengenezwa kwa mpira laini usiogandamana na kuwa mgumu baridi inaposhuka chini ya nyuzi 7. Uso wake umekatwakatwa vijistari vyembamba vya kuuma barafu. Kampala mchana ni nyuzi 27 hivi, na lami iliyopigwa na jua ni moto zaidi ya hapo. Kwenye lami hiyo mpira ule unakuwa laini kupita kiasi, vipande vya kashata vinayumba gari linapokata kona, breki inachukua masafa marefu, na tairi linaisha upesi. Kwa barabara ya Masaka, inayovuka mstari wa ikweta pale Kayabwe ambapo watalii hushuka kupiga picha, nani alituambia tunahitaji viatu vya theluji?

Kuyatambua ni rahisi. Yana picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, na mengi ya Japani yameandikwa neno STUDLESS kwa herufi kubwa. Niliwahi kumwonyesha muuzaji mmoja.

"Mzee, hapa pameandikwa STUDLESS."

"Ndiyo, bosi. Hilo ndilo jina la kampuni. Ni kampuni kubwa sana Japani."

Sikuwa na la kuongeza. Simlaumu yeye peke yake. Hakuna aliyewahi kumwambia, na wateja wake wote hawajali.

La tatu ni uzito. Chukua tairi la kawaida la saluni, limeandikwa 195/65R15 91H. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu wa tairi kama asilimia ya ule upana. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Hizo watu wanazijua, kwa kuwa zikikosewa tairi halivai. Zile za mwisho ndizo zinazopuuzwa. Namba 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615, wala si zaidi. Herufi H inataja mwendo ambao lisivuke, kilomita 210 kwa saa, jambo ambalo kwa foleni za Kampala halimsumbui mtu. Tairi la basi dogo huwa na herufi C baada ya kipimo cha ringi, na namba kama 106, yaani kilo 950. Ukifunga manne ya saluni, jumla yake ni kilo 2,460. Ukifunga manne yenye 106, ni kilo 3,800. Tofauti ni zaidi ya tani moja na robo. Weka abiria 14, dereva na kondakta, wote wa kilo 65 tu kwa wastani, hiyo peke yake ni zaidi ya tani moja, na bado hujapakia ndizi, magunia na sanduku la mwanafunzi anayerudi nyumbani likizo. Bado pia hujalihesabu gari lenyewe. Nimeona teksi zilizofungwa matairi ya saluni kwa sababu yanalingana na ringi na ni ya Japani. Tairi lililobebeshwa kupita uwezo wake hujipinda mno, hupata joto kutoka ndani, na joto ndilo hulipasua. Likipungukiwa upepo ni vivyo hivyo. Halafu tunaambiwa redioni kwamba chanzo cha ajali ni tairi kupasuka, kana kwamba tairi hupasuka kwa hiari yake.

Nimekwisha kusikia jibu la upande wa pili, tena kutoka kwa mhadhiri ninayemheshimu. Alisema: "Mwanangu, unazungumza kama mtu wa Ulaya. Watu ni maskini. Mtumba ndio uwezo wao." Ni hoja yenye huruma, na ndiyo maana inapaswa kujibiwa kwa hesabu.

Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata zenye kina cha milimita 8 hivi. Kikomo kinachokubaliwa katika nchi nyingi, Japani ikiwamo, ni milimita 1.6, na ndani ya mifereji ya tairi kuna vijinundu vidogo vinavyoonyesha umefika hapo. Kwa hiyo katika tairi jipya umenunua milimita 6.4 za kutumia. Mtumba mzuri wenye milimita 4 umekuuzia milimita 2.4 tu. Gawanya: 2.4 kwa 6.4 ni tatu ya nane. Maana yake, ili mtumba usikupe hasara, bei yake isifike hata nusu ya jipya. Iwe tatu ya nane au chini yake, na hapo bado hatujahesabu umri, wala viraka vya ndani usivyoviona, wala kwamba utamlipa fundi kuvua na kufunga mara mbili au tatu badala ya moja. Bei nilizotajiwa mimi zilizidi nusu ya bei ya jipya. Wazee walikwisha kusema rahisi ni ghali, lakini hapa hata hiyo rahisi yenyewe sijaiona.

Hata hivyo hesabu si jibu langu kubwa. Jibu kubwa ni hili: huyo maskini ni nani? Kaka yangu mkubwa anaendesha teksi kati ya Kampala na Masaka. Gari si lake. Kila jioni anampelekea mwenye gari kiasi walichokubaliana, hata siku iwe mbaya vipi, na kinachobaki ndicho chake. Matairi ananunua mwenye gari. Mwenye gari hapandi teksi hiyo. Ana gari lake, na ninavyoambiwa, limefungwa matairi mapya. Dereva akilalamika kwamba tairi ni kipara, anaambiwa aliendeshe hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwezi au aache ufunguo mezani, kwa maana vijana wanaotafuta gari ni wengi. Abiria hajui lolote. Basi umaskini unaotajwa hapa ni wa dereva na abiria, lakini anayechagua mtumba ni mtu mwingine, na anayeweka akiba ni mtu mwingine. Kumtaja maskini ili kumtetea mwenye gari ni kumwibia maskini mara ya pili.

Yapo pia mambo yanayofanywa mafundi wakijua. Tairi likiwa kipara, kuna anayechukua kisu cha moto na kulichonga mifereji mipya. Machoni linapendeza. Matairi ya malori yaliyotengenezwa kwa kuchongwa upya yapo, na yameandikwa REGROOVABLE ubavuni, kwa kuwa yamewekewa mpira wa ziada chini. La gari dogo halina mpira huo. Ukilichonga unakaribia nyaya, na pengine umezifikia.

Turudi kwenye China. Ninakubali kwamba si kila tairi jipya la bei nafuu ni zuri. Mengine hushika vibaya lami ikilowa, na kwa mvua zetu hilo si dogo. Lakini nani anajua kwamba kampuni za Michelin na Bridgestone zina viwanda nchini China? Tairi lao la huko tuliite la China au la Ufaransa na Japani? Tena matairi ya China yanayouzwa Ulaya hubandikwa lebo ya lazima yenye herufi kuanzia A hadi E, na moja ya herufi hizo inaeleza linavyofunga breki barabara ikiwa na maji. Mwenye simu anaweza kutafuta jina la tairi na kuiona herufi yake kabla ya kutoa shilingi. Mtumba hauwezi kuchunguzwa hivyo. Hata kama ulianza maisha na herufi A, hujui umepanda kando za barabara ngapi, umeendeshwa bila upepo kilomita ngapi, umezibwa pancha na nani. Jipya la wastani ninalijua. Mtumba bora ninaambiwa tu.

Kisha kuna sheria, nayo wengi wetu hatujawahi kuisikia. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina jedwali la bidhaa ambazo ni marufuku kabisa kuingizwa. Humo, pamoja na pesa bandia na sabuni zenye zebaki, yamo matairi yaliyotumika ya magari ya abiria na magari madogo ya biashara. Ni marufuku. Si kwamba yatozwe ushuru mkubwa, wala kwamba yakaguliwe. Lakini yamepangwa barabarani mchana kweupe, kwa minara. Yameingiaje? Njia moja ninaiona kwa macho: yanaingia yakiwa yamevaliwa na magari. Gari likishushwa lina matairi manne na spea, na forodha inahesabu gari, haihesabu tairi. Mwenye gari akinunua mapya, yale manne yanakwenda sokoni. Njia nyingine waulizwe wanaolinda mipaka, ambao mshahara wao unatokana na kodi zetu.

Wenzetu kutoka Congo, ambao nchi yao imejiunga na Jumuiya mwaka 2022, wananielewa haraka nikifika hapa. Dunlop alipounda tairi lake la upepo mwaka 1888, mpira uligeuka dhahabu, na mpira huo mwingi ulikamuliwa katika misitu ya Congo chini ya Mfalme Leopold, kwa mikono iliyokatwa pale kipimo kisipotimia. Mpira ulitoka huku kwa damu. Sasa tunaununua ukiwa umekwisha kutumiwa na wengine, tena tunasifu ulikotumiwa.

Niseme neno moja kwa wahadhiri wenye magari, kwa sababu hili nimelikuta hata kwa wasomi. Wengi hununua mawili tu, kwa kuwa manne ni ghali, nao huyafunga mbele. Wanasema mbele ndiko kuna usukani na injini inavuta kutoka huko. Watengenezaji wakubwa wa matairi wanashauri kinyume: mapya yawekwe nyuma. Maji yakituama barabarani na tairi la mbele likaanza kuelea, dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi, gari linakwenda mbele moja kwa moja, akiachia mafuta taratibu linarudi. Yakielea ya nyuma hahisi chochote mikononi mpaka mkia wa gari umeshageuka, na hapo watu wachache sana wanaweza kulirudisha. Tena mawili hayo yafanane, kwenye ekseli moja, kwa kipimo na aina. Upepo ujazwe kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kwa teke la fundi pancha.

Sasa nimjibu mwenzangu aliyecheka.

Tairi ni maandishi. Ni maandishi kuliko vitu vingi tunavyovichambua darasani: lina tarehe, mahali pa kutengenezwa, kipimo, onyo na picha. Tatizo lake ni kwamba limeandikwa kwa Kiingereza na kwa mafumbo ya namba, na anayelihitaji ni dereva anayezungumza Kiswahili kutoka Mombasa hadi Malaba, kutoka Malaba hadi Kampala, na kutoka Kampala hadi Kigali na Bukavu. Kwenye barabara hiyo Kiswahili hakihitaji kutangazwa kuwa lugha rasmi na mtu yeyote. Utingo, polisi, mama ntilie na fundi wanakizungumza. Je, sisi tunaokisomea tumempa nini dereva huyo? Kila muhula tunatafsiri katika somo la tafsiri. Nimetafsiri hotuba, nimetafsiri dibaji ya riwaya, nimetafsiri tangazo la mkopo. Sijawahi kuwekewa mezani ubavu wa tairi, wala kijitabu cha gari, wala karatasi ya dawa ya kuua wadudu shambani. Katika utafutaji wangu nimeona video na makala za Kiingereza zisizohesabika kuhusu tarakimu zile nne, na za Kiswahili chache mno, nyingine zikiwa zimechanganya wiki na mwezi. Kwa ajili ya kuandika insha hii nililazimika kuokota istilahi kwa mafundi: kashata, kipara, upepo, ringi, pancha. Maneno yapo. Hayako katika vitabu vyetu.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema Kiswahili Uganda kinakwamishwa na historia, kwamba watu wanakikumbuka kama lugha ya askari. Labda. Lakini lugha ambayo wasomi wake hawawezi kumweleza mtu tairi lipi litamuua, kwa nini mtu huyo aione kuwa ya maana? Mtu akisoma ukurasa mmoja wa Kiswahili akaepuka kununua tairi la mwaka 2011, hatauliza tena lugha hiyo ililetwa na nani.

Kuna jambo la karibu zaidi. Kila mwaka chama chetu hukodi basi kwa safari ya masomo. Nimekaa kwenye kikao kimoja cha maandalizi. Tulijadili bei, tukajadili kama basi lina televisheni, tukabishana nusu saa kuhusu muziki. Tairi halikutajwa. Ninapendekeza fomu ya kukodi basi iongezwe safu moja: tarakimu nne za kila tairi, pamoja na spea, ziandikwe na mwanafunzi mbele ya dereva kabla ya pesa kulipwa. Tairi lolote lililozidi miaka sita kwenye ekseli ya mbele, tusilipe. Lolote lenye alama ya theluji, tusilipe. Dereva wa basi hatatuchukia. Kama ni kama kaka yangu, atafurahi kupata barua ya chuo ya kumwonyesha mwenye gari.

Nimeambiwa zoezi hilo litatuchelewesha. Basi lenye magurudumu mawili mawili nyuma lina matairi sita na spea. Nimejaribu kwenye basi lililoegeshwa chuoni, ikanichukua dakika tisa. Shida ni kwamba tarakimu za tarehe mara nyingi huwa upande mmoja tu wa tairi, na zikitazama ndani itabidi mtu alale chini ya basi na tochi ya simu. Kwa safari ijayo nimejiandikisha. Koti kuukuu ninalo.